Oili ilikuwa inaenda wapi? Mashine ya mtumba ya stroku nne hapa Majanji

Kwenye mialo ya upande wetu wa Uganda wa Ziwa Victoria, ukisema mashine yako ya boti inakula oili watu wanakushangaa. Mashine gani haili oili? Tumelelewa na stroku mbili. Jerikani ya lita 20 ya petroli inatiwa mililita 400 za oili, inatikiswa, na vyote vinaungua pamoja njiani. Moshi ni sehemu ya kazi. Fundi akiona maji yanaruka kutoka kwenye kitundu cha kupoozea na akasikia mlio umetulia, uchunguzi umekwisha.

Stroku nne ina mambo yake. Oili inakaa peke yake kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, petroli inaingia tupu. Oili ikipungua, ipo njia iliyopitia, na njia hizo haziko nyingi: imevujia nje, imepulizwa kwenye mpira wa kupumulia ikaingia kabureta, imeshuka kwenye valvu, au imepenya kwenye ringi za pistoni. Kila njia na bei yake. Moja utaimaliza kwa gasketi ya shilingi elfu chache, nyingine itakulazimu kufungua mashine nzima. Mimi niliponea chupuchupu kulipa milioni 1.2 kutibu kiungo kisichokuwa na ugonjwa, ndiyo maana naandika.

Kazi yangu ni kusafirisha mukene (dagaa) mkavu kutoka visiwa vya Sigulu hadi Majanji, na siku za soko napakia abiria pia. Kwa muda mrefu nilitumia stroku mbili ya farasi 40. Haikunisumbua, ila petroli ilikuwa inamaliza faida yote. Wenye stroku nne walikuwa wakirudi na mafuta kwenye jerikani. Mpya sina ubavu nayo, nikaanza kuulizia ya mtumba.

Niliipata Jinja kwa milioni 8.5: farasi 40, silinda tatu, ya kabureta. Mwenyewe alikuwa na boti ya watalii, zile zinazowazungusha watu polepole pale Nile inapoliacha ziwa. Mashine ilikuwa inapendeza macho. Rangi haijachubuka, propela haina mkwaruzo. Alinieleza kwa fahari kwamba haijawahi kuteswa, hakuna siku imekimbizwa. Wakati ule nilisikia sifa. Siku hizi mtu akiniambia hivyo nachomoa plagi kabla hajamaliza sentensi, na sababu itaonekana mbele.

Waliiwasha ndani ya pipa la maji ikanguruma bila moshi wowote. Lakini fundi aliyenisindikiza, mzee ambaye mikono yake imefungua mashine nusu ya mwalo wetu, alikuwa ameweka kiganja juu ya injini kabla kamba haijavutwa. Akanisogelea. "Mama, hii ni ya moto. Wameshaiwasha asubuhi."

Hapo ni pa kushika. Ukienda kununua, mwambie muuzaji asiiguse mpaka ufike, uipapase mwenyewe ikiwa baridi, kisha iwashwe wewe ukiwa umesimama nyuma yake. Moshi wa bluu unaotoka sekunde za mwanzo kisha ukapotea hutoa habari za sili za valvu, vile vipira vinavyozuia oili isishuke kwenye valvu, na ukishapotea huuoni tena siku hiyo. Kijiti cha oili kilitoka na oili mpya kabisa, ambayo haikutuambia lolote. Ile chafu waliyoimwaga ndiyo ingezungumza. Mzee aliutumia wasiwasi huo kupunguziwa laki tatu, tukapatana.

Tuliipakia kwenye pikapu ikiwa imelala juu ya magunia, kutoka Jinja hadi Busia mpaka Majanji. Usafiri, laki moja na elfu themanini. Tulipoiwasha jioni, moshi ulitanda hadi kina mama waliokuwa wakianua mukene wakaanza kutupigia kelele. Nilihisi tumbo linakatika. Milioni nane za moshi!

Ulikuwa moshi wa njiani tu. Stroku nne ikilala ubavu usio wake, oili inatoka kwenye sampu na kupenya hadi kwenye silinda. Mashine kubwa kama ile isafirishwe ikiwa imesimama, imefungwa kwenye mbao. Ndogo nyingi zina ubavu mmoja wa kulalia, na kitabu chake kinausema. Kama imeshalala vibaya, toa plagi kwanza uizungushe kwa mkono taratibu ili oili itoke. Ukiivuta kwa nguvu na silinda imejaa oili, pistoni inasukuma kitu kisichobonyea na unaweza kupinda koneksheni rodi, mkono unaoshika pistoni. Yetu ilivutwa hivyo hivyo na Mungu akatunusuru. Baada ya saa moja hivi ziwani moshi ukaisha, nasi tukasahau.

Tulisahau mapema mno. Nahodha wangu, kijana mwenye akili lakini mvivu wa kuandika, alikuwa anaongeza oili asubuhi akiona imepungua. Mara anasema imepungua sana, mara anasema haijapungua kabisa, mara imezidi. Nilikuwa nanunua lita kwa elfu 28 na sikujua zinaisha kwa kasi gani. Kisha mchana mmoja, tukiwa katikati ya Sigulu na Majanji na abiria ndani, king'ora cha presha ya oili kikalia na mashine ikajipunguza yenyewe mpaka mwendo wa kutambaa. Upepo wa mchana ulikuwa umeanza. Mama mmoja aliyepakata mtoto hakuniuliza kitu, alianza tu kukaza kamba za jaketi lake. Tuliongeza oili iliyokuwepo, tukasubiri kidogo, tukarudi polepole. Usiku ule niliamua kwamba hakuna tena kuongeza kwa kukadiria.

Mzee alipokuja hakushika spana. Alitaka kuona nahodha anavyopima. Kijana akaenda kwenye boti, imefungwa kwenye maji ya magotini, mashine imeinuliwa ili propela isiguse mchanga, akachomoa kijiti pale pale. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Mashine ikiwa imeinama, oili yote imekimbilia upande mmoja wa sampu, na kijiti kitasema kinavyotaka kulingana na pembe ya siku hiyo. Asubuhi boti ikiwa na mzigo kinasoma hiki, jioni ikiwa tupu kinasoma kile. Juu ya hayo alikuwa akipima mara tu baada ya kuzima, oili nyingi ingali juu kwenye mapito haijashuka. Akiona pungufu anaongeza. Kwa hiyo siku nyingine alikuwa anaijaza kupita alama.

Kuanzia hapo tulipima kwa utaratibu mmoja: alfajiri, mashine ikiwa baridi, boti imesukumwa kwenye maji yenye kina, mashine imeshushwa wima kabisa. Kijiti kinafutwa kwa kitambaa, kinarudishwa, kinachomolewa, kinasomwa. Kuongeza ni kwa chupa ya soda ya nusu lita niliyoichora alama kwa wino, ili nijue ni mililita ngapi zimeingia. Yote yaliandikwa kwenye daftari la mauzo, pembeni ya magunia ya mukene. Naamini kazi hiyo isiyogharimu kitu ndiyo iliyonisaidia kuliko spana zote zilizofuata. Ilionyesha kwamba kula oili kulikuwa kweli, ila chini ya nilivyoogopa: karibu theluthi moja ya lita kwa siku nzima ya kwenda na kurudi na mzigo. Kwa mashine inayobeba lita mbili hivi, huwezi kuiacha bila kuiangalia hata siku chache.

Kijiti kikikuonyesha oili inapanda bila wewe kuongeza, usishangilie. Inuse. Ikinuka petroli, petroli inavujia kwenye sampu, mara nyingi kwa sababu mashine haipati joto lake: thamostati, kile kifaa kinachodhibiti joto la injini, imekwama wazi, au inatumiwa mwendo wa pole tu. Jirani yangu mmoja wa mwalo aliishi na hali hiyo akijisifu kwamba yake haili oili hata tone. Ilikuwa inakula, ila pengo lilikuwa linazibwa na petroli, na oili iliyochanganyika hivyo ni nyepesi, hailindi beringi.

Tukaanza na njia za bei nafuu. Tulivua kifuniko, tukaiosha injini kwa sabuni, tukaikausha, tukanyunyizia unga wa kupaka watoto kwenye kila kiungo: chini ya filta ya oili, kwenye kifuniko cha valvu, kwenye nati ya kumwagia. Oili ikivuja inachora mstari kwenye unga. Haikuchora. Wengine huangalia mafuta yanayoelea juu ya maji ya pipa, lakini hilo lisikuhukumie. Mashine yoyote ya mtumba huacha utando kidogo kutokana na moshi wake. Linaloogopesha ni oili nzito, nyeusi, inayopanda juu hata baada ya kuzima, kwani sampu ya mashine nyingi za boti iko juu ya mguu karibu na njia ya moshi, na sili au gasketi ya huko ikifa inamwaga humo humo bila wewe kuona chochote juu. Yetu haikumwaga.

Kisha mpira wa kupumulia. Huu unatoka kwenye injini kwenda kwenye boksi la hewa mbele ya kabureta. Mzee aliuchomoa, akaingiza kidole kwenye boksi, kikatoka kimelowa oili hadi kwenye kiungo cha pili. Sampu iliyojazwa kupita kiasi inafanya hivyo: mtambo unaichapa oili, inageuka povu na ukungu, inapulizwa kwenye mpira na kuunguzwa. Tulimwaga iliyozidi hadi chini kidogo ya alama ya juu, tukasafisha boksi, tukaendelea kuandika. Ulaji ukapungua mara moja, karibu robo nzima. Nahodha alikuwa anaongeza oili kwa sababu inaungua, na inaungua kwa sababu anaiongeza.

Robo tatu iliyobaki ilikuwa inapita kwingine.

Kuchunguza moshi wa mashine ya boti ni kazi kuliko pikipiki, maana moshi mwingi unatokea chini ya maji katikati ya propela. Unachoweza kuona vizuri ni kile kitundu cha nyuma ya mguu kinachotoa pumzi ikinguruma bila kupigwa resi. Nilikaa kwenye boti ya mwenzangu tukifuata yetu kwa nyuma. Asubuhi ikiwashwa, karibu hakuna moshi. Nahodha akiachia resi ghafla baada ya kukimbia, hakuna. Akifungua resi yote na magunia ndani, ukungu wa bluu unapanda kutoka kwenye mapovu. Kwa kawaida sili za valvu zilizochoka hutoa moshi mashine inapowashwa baada ya kulala, au resi inapoachiwa. Moshi wa chini ya mzigo unakupeleka kwenye ringi. Plagi zilikubaliana nao: mbili za juu zilikuwa na masizi makavu, ya tatu ya chini imelowa na kung'aa.

Niliipeleka gereji moja ya magari mjini Busia kupimwa kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Injini ilipashwa moto, plagi zote zikatolewa, umeme wa plagi ukakatwa, resi ikafunguliwa yote, kipimo kikaingizwa silinda moja baada ya nyingine. Silinda zote tatu zilikuja juu na zikapishana kidogo sana. Fundi akafuta mikono: "Mama, kompresheni ni nzuri. Ringi ni nzima. Hizi ni sili za valvu. Leta milioni moja na laki mbili pamoja na vipuri." Alinihesabia vizuri kabisa, na mtu mwingine angelipa. Mimi nilikuwa na daftari, na daftari lilikuwa linakataa.

Pistoni ya stroku nne kwa kawaida ina ringi tatu. Mbili za juu zinazuia mgandamizo usishuke. Ya tatu, ile ya oili, kazi yake ni kufagia oili kwenye kuta za silinda na kuirudisha ndani kupitia matundu madogo nyuma yake. Kipimo cha kompresheni kinapima zile mbili. Ya oili inaweza kuwa imekwama kabisa, imeganda kwenye mfereji wake kwa masizi, na kipimo kikaendelea kukusifia. Mzee alinieleza haya kwa kuchora mchangani kwa kijiti, na mpaka leo naona wengi wanaoshika spana za boti hawalijui. Lile jaribio la kutia kijiko cha oili kwenye silinda na kupima tena, ambalo mafundi wa magari hulipenda, nalo ulichukulie kwa tahadhari: silinda za mashine ya boti zimelala, oili inatuama upande wa chini badala ya kuzunguka pistoni yote.

Nikamlipa wa gereji elfu 20 za kipimo, nikachukua mashine yangu. Hakufurahi.

Sasa lile la Jinja linaingia hapa. Mashine iliyotembezwa polepole miaka na miaka haipati joto la kutosha kuunguza uchafu wake. Masizi yanajenga kwenye mifereji ya ringi, ya oili inakuwa ya kwanza kukwama. "Haijawahi kuteswa" ndiyo ilikuwa ugonjwa wenyewe. Na sisi tuliendeleza kwa namna nyingine. Propela iliyokuja nayo ilikuwa ya pichi 13 (pichi ni inchi ambazo propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja), sawa kwa boti nyepesi ya watalii, nasi tukaifunga kwenye boti ndefu ya mbao yenye magunia. Nilinunua kile kipimo kidogo cha mizunguko kinachozungushiwa waya kwenye kebo ya plagi, elfu 60. Resi yote, mzigo ndani: mizunguko 4,600 kwa dakika. Mashine hii inatakiwa ifike kati ya 5,000 na 6,000 resi ikiwa imefunguliwa yote. Ilikuwa inasukuma mlima kwa gia ya juu kila siku, na kufanya hivyo kunaongeza masizi na joto mahali pabaya.

Inchi moja ya pichi hubadilisha mizunguko kama 150 hadi 200. Nikapata propela ya pichi 10, ya mtumba, laki nne na elfu ishirini, nayo ikatuvusha 5,100. Ukinunua mashine ya mtumba kutoka boti ya aina nyingine, hesabu bei ya propela humo humo.

Kabla ya kufungua chochote tulijaribu kulowesha. Mashine ikiwa na joto, plagi zinatolewa, kila silinda inapuliziwa dawa ya kuyeyusha masizi mpaka ilowe, inaachwa usiku kucha, asubuhi inageuzwa kwa mkono mara kadhaa, inapuliziwa tena. Dawa tatu kwa elfu 35 kila moja. Fanyeni mbali na matanuri ya kukaushia samaki. Zile dawa zinashika moto haraka, na kijana mmoja alikuwa anakuja kutuangalia na sigara mdomoni hadi mzee alipomfukuza. Kabla ya kuwasha, izungushe bila plagi, kitambaa kikiwa juu ya matundu, ili dawa yote iruke nje. Kilichotoka kilikuwa cheusi kama lami. Halafu mwaga oili yote na filta ubadilishe, bila kubania, maana dawa imeshapenya kwenye sampu. Oili tuliyoweka ilikuwa ya boti, 10W-30 yenye alama ya FC-W, inayoonyesha imethibitishwa kwa stroku nne za boti. Nahodha alitaka tutumie ile nzito ya magari akidai nzito haiungui. Ni kweli inaficha ugonjwa kidogo, lakini oili ya boti ina kinga ya kutu na imeundwa kwa injini inayokaa kwenye resi kubwa muda mrefu.

Wiki zilizofuata plagi mbili za juu zikawa na rangi ya kahawia, nzuri. Ulaji ukashuka hadi chini ya nusu ya tulikoanzia. Ya tatu ikaendelea kulowa. Nilitamani kuishi nayo hivyo. Kuna wanaoishi nayo, wanapima na kuongeza, na sioni kosa kama una nidhamu. Lakini mimi nina abiria.

Tulisubiri mwezi mpevu. Mukene huvuliwa kwa taa gizani, na usiku wa mbalamwezi boti nyingi zinapumzika, kwa hiyo kuisimamisha mashine siku hizo hakunigharimu sana. Vipuri viliagizwa Kampala: seti ya ringi tatu, gasketi ya kichwa na nyinginezo, na sili za valvu, kwani kichwa kikishafunguliwa ni upuuzi kukirudisha na sili za zamani. Laki tisa na elfu arobaini. Ringi za bei nafuu zilikuwepo kwa chini ya nusu ya hiyo. Mzee alizigeuza mkononi, akaziingiza kwenye silinda moja moja, akapima mwanya wa ncha zake kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, kila moja ikaja na mwanya wake. Tukazirudisha, kukawa na ugomvi kidogo kuhusu hela.

Pistoni ya tatu ilipotoka, kila mtu alisogea kuangalia. Zile ringi mbili za juu zilikuwa huru, unazigusa zinacheza. Ya oili ilikuwa imelingana na pistoni, huwezi kuingiza hata ukucha. Mzee alivunja ringi kuukuu vipande viwili, akatumia ncha yake kukwangua mfereji, pole pole ili asikwaruze alumini, masizi yakitoka kama vigae vidogo. Kisha akachukua waya mwembamba na kuzibua matundu ya kurudishia oili, tundu moja baada ya jingine. Yote yalikuwa yameziba isipokuwa mawili. Kwenye kuta za silinda michirizi ya kiwandani ya kukingama ilikuwa bado inaonekana, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuchonga. Alipitisha honi, kifaa cha kusugulia kuta za silinda, kidogo tu, akaosha kwa maji ya moto na sabuni hadi kitambaa cheupe kikatoka cheupe, akapaka oili papo hapo kabla kutu haijaamka. Sili za valvu za zamani niliziweka mfukoni. Zilikuwa laini bado.

Ufundi, laki tatu na nusu. Ukijumlisha propela, dawa, oili na vipimo, nilitumia karibu milioni mbili juu ya bei ya kununulia. Mashine ya milioni 8.2 ilikuwa ya milioni kumi na kitu tangu siku ya kwanza, ila sikuwa na namba hiyo mkononi nilipokuwa nabishana bei kule Jinja.

Baada ya kufunga, mzee alikataa tuiache ingurume polepole "izoee". Ringi mpya zinakaa kwa kusukumwa na mgandamizo, kwa hiyo zinahitaji mzigo wa wastani, resi inayopandishwa na kushushwa, bila kuifungua yote kwa muda mrefu saa za mwanzo na bila kuibembeleza. Oili ya kwanza tuliimwaga mapema, ilipofika saa 20 za kazi, ikatoka na unga wa chuma unaometa kidogo. Sasa tunabadilisha kila saa 100.

Bado tunapima alfajiri, siku hizi mara mbili kwa wiki. Kati ya badiliko moja la oili na jingine naongeza kama kikombe kimoja kidogo, nami sina shida nacho. Nahodha analalamika kwamba boti ikiwa tupu haina mbio kama zamani, na kwamba propela ya pichi 13 ilikuwa ikiwaacha wenzake nyuma wakirudi kutoka kisiwani. Amekuwa akiniuliza iko wapi. Nimemuuzia mtu wa boti ya watalii, laki moja na nusu.